Siku Misumari Alipomfunga Baba Yake

Wateja walimwita Misumari, na jina likamkaa. Alipokuwa kazini alibana misumari midogo ya kochi kati ya midomo, akawa anaisogeza kwa ulimi mmoja mmoja, anaupokea kwa vidole, anaugonga. Ukimsalimia wakati huo anakujibu kwa nyusi. Ufundi alifundishwa na baba yake, na tabia hiyo ya misumari mdomoni aliipata kwake pia, ingawa mama yake alilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba siku mtoto akimeza msumari, wao wawili wataenda kumweleza daktari walikuwa wanacheza mchezo gani.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, mlango wake ukifungukia barabarani. Mlikuwa na fremu za makochi zilizoegemezwa ukutani kama watu waliovuliwa nguo, marobota ya sponji mpaka darini, cherehani nzito ya miguu, na harufu ya gundi ambayo mgeni ilimkereketa koo na wenyeji hawakuisikia kabisa. Nyumba ilikuwa ya baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee. Mama alipofariki, Misumari na mumewe walihamia pale ili Mzee asibaki peke yake. Mume alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuja leo na kesho hayupo. Wa nne ndani ya nyumba alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, msichana ambaye mdomo wake haukujua likizo.

Ugonjwa uliingia taratibu. Siku moja Mzee alipigilia kitambaa cha mteja ndani-nje, maua yakaangalia sponji. Misumari alicheka, akidhani ni utani. Mzee akawaka. "Wewe unanifundisha mimi kazi?" Baadaye akachukua mahameli ya kochi zima la mtu akaikata vipande vya ukubwa wa leso, akavipanga vizuri mezani. Misumari hakucheka tena. Alimgombeza baba yake jinsi mtu anavyomgombeza mwanafunzi mzembe, na Mzee akasimama pale na mkasi mkononi, akitazama vile vipande kana kwamba vimeletwa na mtu mwingine.

Daktari alisema ni dimensia, ule ugonjwa wa kusahau unaowapata baadhi ya wazee, na kwamba hautapona. Aliandika dawa, akaita mgonjwa mwingine. Misumari alitoka akiwa na jina la ugonjwa tu. La kufanya nalo hakupewa.

Lililomtesa zaidi lilikuwa swali moja. "Mama yako yuko wapi?"

"Baba, mama alifariki. Tulimzika. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

Mzee anashika ukingo wa meza. "Lini? Mbona hamkuniambia?" Kisha analia, kilio cha mtu aliyepata habari sasa hivi, akijifuta kwa pindo la shati. Baada ya muda machozi yanakauka, anainua kichwa, anauliza tena. Na Misumari anamjibu tena. Aliamini kumdanganya mzazi ni kumvunjia heshima. Aliamini pia kwamba akiambiwa mara nyingi itamwingia, kama mtoto anavyofundishwa herufi.

Wifi alikuwa na majibu yake. "Mama ametoka, Mzee. Amekwenda kusuka. Si ulitaka mke mrembo? Basi vumilia." Mzee anacheka mpaka anakohoa, anavuta kikombe chake cha chai.

Misumari alimvuta wifi jikoni. "Wifi, usimfanye baba yangu mjinga."

"Simfanyi mjinga. Namtaka anywe chai."

"Huo ni uongo."

"Haya, uongo. Lakini chai si ameimaliza?"

Misumari alinuna siku nzima. Baba ni wake, na huyu msichana anamchezea kama mwanasesere.

Siku yenyewe ilikuwa ya oda kubwa, viti vya ukumbi wa mikutano, na mwenye ukumbi alikuwa anakuja kuvichukua jioni. Wifi alifua asubuhi, akakausha sakafu ya bafu, akavaa vizuri akaenda kuulizia kazi kwa fundi cherehani mmoja ambaye alisikia kuwa anatafuta msaidizi. Mume alikuwa safarini. Misumari akabaki na viti na Mzee.

Mzee alitaka kwenda nyumbani. "Hapa ni nyumbani, baba. Uliijenga mwenyewe." Hakukubali. Alitoka, akarudishwa. Akatoka tena. Safari iliyofuata aliletwa na muuza maji aliyemkuta katikati ya barabara akisimamisha magari kwa mkono kama askari. Misumari alimshukuru yule mtu, akafunga mlango, akarudi kwenye kiti chake. Alipogeuka tena, Mzee alikuwa ameshika koleo na anang'oa misumari ya kiti kilichokwisha. Kitambaa kilikuwa kimechanika upande mzima.

Hapo uvumilivu ulimwishia. Alimpokonya koleo. Alimkalisha kwenye kochi la mkono lililokuwa karibu, akavuta mkanda kutoka kwenye roli, ule mkanda mpana mgumu unaopitishwa chini ya sponji ili kiti kisidumbukie, akauzungusha kiunoni mwa baba yake na nyuma ya kochi, akakaza fundo.

"Kidogo tu, baba. Nimalize."

Mzee aliupapasa mkanda kwa kidole gumba. "Mkanda mzuri huu," alisema. "Usimpunguzie mtu bei."

Misumari alimpa mgongo. Akajaza misumari mdomoni, akaanza upya kiti kilichoharibiwa. Nyuma yake Mzee alianza kuita. Kwanza kwa upole, kisha kwa sauti ya mtu anayeona jambo lisiloeleweka. "Fundi! Fundi, njoo unifungue!" Fundi ndilo jina alilompa binti yake tangu mdogo. Misumari alisikia kila neno. Angeweza kutema misumari kiganjani akajibu, jambo alilolifanya kwa kila mteja aliyeingia. Hakutema. Aligonga kwa nguvu zaidi ili nyundo izibe sauti.

Ndipo kochi likaanguka.

Lilianguka ubavu, Mzee ndani yake, mkono wa kushoto chini. Misumari alikata mkanda kwa kisu cha sponji, na kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kuuangalia ule mkono, kilikuwa kuusukuma mkanda chini ya meza kwa mguu.

Hospitalini nesi aliuliza imekuwaje.

"Ameteleza bafuni," Misumari alisema. "Kulikuwa na maji." Uongo ulitoka laini, bila kukwaruza popote.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika. Wakati Mzee anafungwa plasta, kaka mkubwa wa Misumari akapiga simu. Kaka alikuwa mhasibu katika mji wa mbali, mtu wa kutuma pesa na maelekezo.

"Maji bafuni? Nani aliacha maji bafuni?"

Misumari aliutazama mkono wa baba yake. "Wifi alifua asubuhi," alisema.

Hakuongeza neno. Halikuhitajika. Kaka alimpigia wifi mwenyewe, akamwambia maneno ambayo mtu huwezi kuyameza ukabaki mgeni katika nyumba ya watu. Misumari alipofika nyumbani alimkuta wifi amesimama mlangoni mwa bafu, simu bado mkononi.

"Lakini nilikausha. Wifi, si uliniona nakausha?"

"Sijui. Labda palibaki kidogo."

Wifi alimtazama muda mrefu bila utani wowote usoni. Kisha akaingia chumbani, akafungasha nguo zake, akaenda kukaa kwa shangazi yake. Alimuaga Mzee tu. Misumari alisimama nyuma ya pazia la karakana akimsikiliza anaondoka, na hakumwita.

Siku ya kuangalia plasta, yule nesi alimwambia, "Kila Alhamisi mchana huwa tunakaa na ndugu wanaouguza watu wenye ugonjwa huu. Njoo. Mlete na Mzee, kuna mwenzangu atakaa naye."

"Mimi nina kazi, nesi."

"Wote wana kazi. Njoo."

Alikwenda kwa woga tu, asije akaonekana ana cha kuficha. Darasa lilikuwa chumba cha kusubiria wagonjwa, viti vimepangwa duara. Misumari alipokaa alijua mara moja kwamba sponji ya kiti chake imekufa zamani. Upande wake wa kulia alikaa polisi mstaafu, mtu mkubwa mwenye sauti nzito, aliyekuwa anamuuguza mkewe. Mbele yake alikaa msusi aliyekuwa anaishi na mama mkwe wake. Wengine walikuwa wanasinzia. Baadaye alielewa kwamba hawakuwa wavivu. Ni kwamba pale palikuwa mahali pekee ambapo hakuna aliyewaita.

Nesi hakuanza na dawa. "Ubongo unaumwa," alisema, "kama figo zinavyoumwa. Nani hapa amewahi kuigombeza figo?"

Watu walicheka. Misumari alitabasamu kwa midomo tu.

"Mgonjwa wako akisema anataka kwenda nyumbani, hatafuti nyumba. Anatafuta kujisikia salama. Usibishane naye kuhusu anwani. Angalia, ana njaa? Ana haja? Kelele zimemzidi? Mguse, tembea naye kidogo, mrudi pamoja."

Kelele zimemzidi. Misumari alikumbuka nyundo.

Polisi mstaafu aliinua mkono kama mtoto wa shule. "Mke wangu anamuuliza baba yake. Mkwe wangu alikufa zamani sana. Mimi nasema ukweli. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa ukweli."

"Na ukishamwambia?"

"Analia."

"Analia kwa sababu kwake habari ni ya leo," nesi alisema. "Kesho ukimwambia, ni ya leo tena. Ukweli haukai, mzee wangu. Kinachokaa ni uchungu. Hatakumbuka ulimwambia nini, lakini mwili wake utabaki na huzuni, na hatajua imetoka wapi."

Yule mtu mkubwa aliweka kofia yake usoni. Misumari aliinuka, akatoka hadi kwenye korido, akaegemea ukuta karibu na mtungi wa maji. Alijaribu kukumbuka ni mara ngapi amemzika mama yake mbele ya macho ya baba yake, akashindwa. Wakati wa chakula. Wakati wa kumvisha. Mara nyingine akiwa na haraka, alimtupia tu: alikufa, baba, alikufa, nimekwambia asubuhi.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema darasani. Tangu siku ile, kila alipoburuta roli la mkanda, Mzee aliinuka akatoka chumbani. Hakuwa na kumbukumbu yoyote ya kuanguka. Ukimuuliza kuhusu plasta alikwambia ameshonewa na fundi asiyejua kazi. Lakini mkanda ukilia kwenye roli, alitoka. Sasa Misumari alijua kwa nini.

Jioni ile Mzee aliuliza, "Mama yako yuko wapi?"

Misumari alifungua mdomo, jibu la zamani likiwa kwenye ncha ya ulimi. Alilimeza. "Umemkumbuka, baba?"

"Nimkumbuke kwani amekufa?"

Alitaka kukimbia. Alishusha pumzi, akavuta kigoda, akakaa karibu na magoti yake. "Niambie mlivyokutana."

Mzee alifikiri. "Alileta kiti. Mguu umelegea. Kazi ya kugonga msumari mmoja."

"Ukakitengeneza?"

"Nilikaa nacho wiki nzima."

"Msumari mmoja, baba, wiki nzima?"

"Ili awe anakuja kukiulizia," Mzee alisema, na akacheka kama kijana mwizi. Misumari hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alijiuliza ni habari ngapi nyingine alizizima kwa kumjibu haraka.

Usiwe na picha kwamba mambo yalinyooka. Kuna siku alisahau yote ya darasani akapiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Kuna siku Mzee alimtemea chai. Lakini aliendelea kwenda Alhamisi. Alijifunza kumwogesha kwa kuanzia miguuni, taulo likiwa mabegani ili asione aibu mbele ya binti yake. Alijifunza kumpa vitambaa chakavu avikate apendavyo, mbali na mali ya wateja. Alijifunza kwamba ugomvi mwingi ulikuwa na chanzo kidogo, kibofu kilichojaa au soksi iliyokunjamana.

Siku moja somo lilikuwa juu yao wenyewe. Nesi alizunguka duara akiuliza kila mtu swali moja. "Wewe nani anakupokea?" Msusi alisema mumewe hupokea zamu Jumapili. Polisi mstaafu alimtaja mpwa wake.

"Mimi hakuna," Misumari alisema. "Nilikuwa na wifi. Aliondoka."

"Mligombana?"

Chumba kizima kilimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimchoma kuliko tusi. "Hapana," alisema.

Watu walipotoka alibaki akikunja viti ambavyo havikukunjika. Kisha akasema yote, mgongo ukiwa umemwelekea nesi: mkanda, nyundo, maji ya bafuni, wifi.

"Alama ya mkanda kiunoni niliiona siku ile ile," nesi alisema. "Nilipomvua shati. Niliandika kwenye faili lake, nikakuita hapa. Usingekuja, ningekuja kwako, tena si peke yangu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Ukasema bafuni."

Misumari alilia. Nesi alimwachia alie, kisha akasema kwa sauti ile ile ya darasani, "Uchovu unaeleza ulichofanya. Haukifuti. Na mimi siwezi kukusamehe, dada. Si mimi niliyevunjika mkono, wala si mimi niliyesingiziwa."

Alianza na baba yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Alipiga magoti, akamshika mkono wenye plasta. "Baba, nilikufunga. Ukaanguka kwa sababu yangu. Nisamehe."

Mzee alimpapasa kichwa. "Unifunge wewe, na mikono hiyo? Nimekusamehe, mwanangu. Chai iko wapi?" Na baada ya chai, msamaha ulikuwa umekwenda na mengine yote. Misumari alielewa kwamba angeweza kuuomba kila siku na kupewa kila siku, na usingekuwa na uzito, maana aliyeutoa hakujua anasamehe nini. Hakuuomba tena.

Mume aliporudi alimwambia akiwa bado hajavua viatu. Yule bwana aliifunga tena kamba ya kiatu. "Dada yangu," alisema mwishowe, hayo tu, akatoka nje akaanza kuosha lori lililokuwa safi. Kaka, kwa simu, alipayuka. Alimwita majina ambayo hawakuitana tangu utotoni. Misumari alimngoja aishiwe pumzi.

"Yote umesema kweli, kaka. Sasa omba likizo uje ukae naye. Mimi pia nahitaji kupumzika."

"Yaani unamfunga baba, halafu unaomba mapumziko?"

"Ndiyo. Kabla sijamfunga tena."



Misumari alimkuta wifi kwenye kiwanda kidogo cha kushona cha yule fundi cherehani, alikopata kazi, amezungukwa na sare za shule. Misumari alisimama upande wa pili wa meza kama mteja. Alijieleza bila kujitetea, maana maneno ya kujitetea alikuwa ameyafanyia mazoezi njia nzima na yote yalinuka.

Wifi hakuinua macho kutoka kwenye mshono. "Unajua shangazi alinipokeaje? Alikagua sakafu kila nikitoka bafuni. Mpaka leo nikioga nakausha mpaka ukuta."

"Nisamehe, wifi."

"Kaka yako anajua?"

"Nimemwambia. Na mumeo wangu pia," alisema Misumari, ulimi ukamteleza kwa woga.

"Mumeo wangu," wifi alirudia, na kona ya mdomo wake ikacheza kidogo kabla hajaizuia. "Sikiliza. Sirudi kukaa kwako. Siwezi. Lakini Mzee hajanikosea. Jumamosi mchana nitakuja kukaa naye. Nikifika, wewe toka. Sitaki kukaa na wewe bado."

"Haya."

"Na kaka yako anipigie mwenyewe. Alivyojua kunitukana, ajue na kuomba radhi."

Kaka alipiga. Alichosema hakuna aliyejua, ila wifi alisema aligugumia kama redio mbovu. Baadaye akaja na likizo yake na shati la ofisini. Siku ya kwanza alimwambia dada yake kwamba Mzee yuko sawa tu, mbona wanaongea vizuri. Ya pili akamkimbilia Mzee barabarani, yeye mwenyewe akiwa na taulo kiunoni. Alipoondoka hakuacha maelekezo. Alisema atakuja tena kabla ya mwaka kwisha, na alikuja.

Jumamosi ya kwanza wifi alifika, akampita Misumari bila salamu ndefu, akaenda moja kwa moja kwa Mzee. "Mume wangu, umenimisi?" Kutoka ndani kikasikika kicheko.

Misumari alitoka. Alitembea hadi kwenye mgahawa wa kona ambao kila siku aliupita na mzigo, akaagiza chai, akakaa. Hakujua mikono aiweke wapi. Kwenye meza ya jirani watu walikuwa wanabishana juu ya mpira, na jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye kitambaa cha meza. Alishtuka kugundua kwamba kwa dakika kadhaa hakuwa amemfikiria baba yake hata kidogo, na kwamba ilikuwa raha. Aibu ikampanda hadi masikioni. Akainuka nusu ili arudi. Kisha akakumbuka ameambiwa atoke, akakaa tena, akauliza kama kuna chai nyingine.